Simu Iliyokwenda Kulima

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kusema. Ndiyo maana Jumanne ile Mutanu alipoingia kibandani kwangu sokoni Matinyani, ninapotengeneza simu, akasema spika yake inakwaruza na nimfanyie upesi kwa sababu Jumamosi anarudi Malili kwa mumewe, Munyao, nilimnyang'anya simu nusura niiangushe.

"Kwa Munyao? Yule alikuvunja mkono?"

"Sasa nifanye nini, Kavindu? Nilienda Wote akanipata. Nikaenda Kanyangi kwa shangazi, siku ya tatu nikaona pikipiki yake kwa gate. Sasa niko kwa mama na jana amepita mara mbili. Huyu mtu ananiona. Afadhali nirudi nipigwe nikiwa kwangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Roho iliniuma.

Nyumbani kwao walikuwa wamepata jibu zamani: Munyao alikwenda kwa mganga. Kwetu Kitui jibu hilo halikosi kupatikana. Mchungaji alimwombea Mutanu Jumapili tatu mfululizo, kina mama wakafunga, na mama yake, Ndinda, akampaka mafuta ya upako mpaka kisogoni. Muda wote huo simu ilikuwa mkobani, kando ya Biblia, ikimwambia Munyao kila hatua.

Niliyaona hayo kwa dakika tano. Munyao ndiye aliyeinunua ile simu, na ndiye aliyeifungua kwa barua pepe yake na neno la siri lake. Kila alipokuwa Mutanu, Munyao alimwona kwenye ramani akiwa amekaa Malili anakunywa soda.

"Hakuna mganga hapa," nikamwambia. "Ni huyu mjinga tu na akaunti yake."

Kidole changu kilikuwa tayari kufuta kila kitu, na nilikuwa nakifurahia. Kisha nikamkumbuka Koplo Ijabo wa dawati la jinsia, aliyekuja kanisani kwetu kutufundisha mambo haya. Tuliiacha simu kibandani, tukaenda nyuma ya posho mill, kinu cha unga, nikampigia kwa simu yangu.

"Usiguse," akasema. "Ukifuta, umefuta ushahidi. Na huyo akiona giza atakuja na hasira. Wewe piga picha kila kitu, halafu hiyo simu iache vile iko."

Nilitii, jambo ambalo mume wangu hajaliona tangu anioe.

Tatizo lilikuwa hili: Mutanu alikuwa ameomba mahakamani amri ya kumzuia Munyao asimkaribie, naye Munyao aliapa mbele ya chifu kwamba hamfuati mtu, wanakutana tu njiani. Ijabo alitaka tumwonyeshe hakimu kwamba hizo njia zilikuwa na ramani. Nikamwambia Alhamisi ni siku ya mwethya, kikundi chetu cha kulimiana mashamba, na zamu ilikuwa ya mzee Kyule, ng'ambo ya mto. Kwa Kyule hakuna duka, hakuna kanisa, na barabara inaishia zizini kwake. Mtu hawezi kupita pale kwa bahati.

Basi Alhamisi Mutanu alishinda kituo cha polisi akinywa chai ya maziwa, na simu yake ikaenda kulima, ndani ya kiondo cha mama yake.

Tulikuwa wanawake thelathini tukichimba mitaro ya kuzuia udongo. Ijabo alikuwa kati yetu, amefunga leso na kitambaa kichwani kama sisi sote, na askari mwenzake alingoja garini nyuma ya ghala. Koplo huyu kwao ni Garissa, kwa wafugaji. Jembe alilishika kama mtu anayemfukuza nyoka.

Saa nne pikipiki ikaingia. Munyao akashuka, kifua mbele.

"Mutanu! Toka nje, nimekuona!"

Aliyeinuka ni Ndinda. Na kwetu mwanamume hapandishi sauti mbele ya mama mkwe, hata kumtazama usoni ni shida. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba aliweza kumvunja binti mkono, lakini mama alimtoa jasho kwa kusimama tu.

"Mwaitu, mama," akasema polepole. "Sikujua uko hapa."

"Umekuja kutusaidia?"

Akatazama majembe thelathini. Anayekanyaga shamba la mwethya hushika jembe kwanza, habari baadaye, na yeye alilijua hilo tangu utotoni. Ndinda akampa jembe na kumwonyesha nafasi kando ya Ijabo. Akalima. Nakiri kwa uchungu kwamba alilima vizuri.

"Wewe umejuaje hapa?" Ijabo akamwuliza, akihema. "Mimi nimepotea mara mbili."

"Mimi sipotei," akasema Munyao, na sifa zikampanda. Akatoa simu yake. "Ona. Bibi yangu yuko hapa hapa, anajificha tu. Tangu atoroke sijawahi kumpoteza. Ni mimi nilimwekea."

Ijabo akasogeza jembe lake mguuni pangu, akapangusa mikono, akatoa kitambulisho. "Koplo Ijabo, dawati la jinsia. Hiyo simu nipe."

Munyao akamgeukia mama mkwe kana kwamba angemtetea.

"Mpe," akasema Ndinda. Na gari lilipoondoka naye, aliketi juu ya udongo mpya akalia. "Mimi ndiye nilimwambia arudi. Nilidhani hakuna pa kujificha." Tulimshika mabega, kisha tukamaliza mtaro, maana Kyule alikuwa ameshapika isyo, mahindi na maharagwe.

Amri ya hakimu ilitoka wiki iliyofuata. Nilimfungulia Mutanu simu nyingine na nikageukia ukutani alipokuwa anaandika neno lake la siri. Aliandika muda mrefu sana.

Jumatano moja tulikuwa tumepatana aje kibandani saa nne. Saa sita hajafika. Nikapiga, simu imezimwa. Ndinda akaja mbio, nami nilikuwa nimeshafunga kibanda. Saa tisa tukamwona anakuja, vumbi mpaka magotini, mkononi embe lililobaki nusu.

"Ulikuwa wapi wewe?" nikamfokea.

"Nilikuwa natembea."

"Unatembea wapi?"

"Siwaambii," akasema, na akacheka mpaka juisi ya embe ikamchuruzika kidevuni.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, na makali. Ndinda akanitangulia. "Basi usituambie," akasema, akampangusa kidevu kwa pindo la leso yake.