Vibao vya Begi la Saba

Mbao ya kitanda cha mtoto ilikuwa kavu, na hicho ndicho kilichoniponza.

Seremala yeyote atanielewa. Mbao mbichi ukiikata leo, kesho imejikunja, keshokutwa imepasuka. Chekechea anakofanya kazi mke wangu walitaka vibao ishirini vya kuchezea, kila kimoja urefu wa kiganja, na walivitaka kabla ya Ijumaa. Karakana yangu ilikuwa na mbao mbichi tupu. Kavu ilikuwa moja tu, nyekundu, imefungwa kwa gunia nyuma ya mlango, imekaa hapo miaka minne. Kitanda cha mwanetu, kile chenye fito pande zote asije akaanguka.

Alilala humo mwaka mmoja na miezi mitatu. Kisha kifua kikambana, akakohoa siku tano, na siku ya sita hatukumsikia tena.

Tulipotoka kuzika, mke wangu aliniambia mambo mawili. "Kiondoe nisikione. Na asilale mtoto mwingine humo." Nikakipeleka karakana. Hakuuliza tena kilipo, nami sikumwambia. Kwa hiyo siku niliposhika msumeno nilijiambia sijavunja neno. Juu ya kibao cha kuchezea hakuna mtu anayelala. Nikakata, nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Ilikuwa kazi safi. Sitasema uongo, niliifurahia.

Pale chekechea wana mabegi kumi na mawili ya kitambaa, kila moja na namba yake. Ijumaa kila mtoto anaondoka na begi moja kwenda nalo nyumbani. Ndani mna vitu vya kujifunzia: shanga za kutunga, kadi za rangi, vifuniko vya chupa vya kuhesabu. Mna karatasi ya kumweleza mzazi namna ya kukaa na mtoto wake, na daftari dogo ambamo mzazi anaandika walichofanya. Jumatatu begi linarudi, Ijumaa inayofuata linakwenda nyumba nyingine. Kazi ya mke wangu ni kuyafungua, kuhesabu vitu, kuosha kilichochafuka na kushona kilichochanika. Watoto wanamwita Mama Mabegi, na jina hilo alilipenda. Lile la zamani, la mama wa fulani, watu waliacha kumwita wiki ile ile ya msiba. Walidhani wanamsitiri.

Vibao vyangu vikaingia begi la saba.

Kila Jumatatu mchana mke wangu alikuwa ananiletea chakula karakana, na madaftari kwapani. Mimi nakula, yeye anasoma kwa sauti. Mimi kusoma ni mzito, shule niliiacha darasa la tano.

"Msikie huyu," akasema siku moja. "'Mtoto alitunga shanga kumi. Baba yake alitunga tatu akasinzia.'"

"Huyo baba ana akili. Tatu zinatosha."

"Wewe ungetunga ngapi?"

"Mimi ningeomba ruhusa niende haja, nisirudi."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Miaka mitatu ya kwanza baada ya msiba mke wangu hakucheka hivyo. Alikuwa anapika, anafua, anaitikia salamu, lakini ndani ya nyumba nilikuwa naishi peke yangu. Mabegi ndiyo yaliyomrudisha kwangu. Nilikula taratibu siku za Jumatatu ili asiondoke mapema.

Akafungua daftari la begi la saba. "'Mtoto amevipenda sana vibao. Hakujenga nyumba tuliyoambiwa kwenye karatasi. Alivisimamisha kimoja kimoja, pande nne, akasema ni kitanda cha mtoto mdogo.' Ona akili ya watoto!"

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikanywa maji.

Wiki iliyofuata begi lilitoka nyumba nyingine, watu wasiojuana na wale wa kwanza. "'Tulijaribu kujenga mnara, akakataa. Anasema tukivipandisha juu, mtoto ataanguka. Tumenong'ona siku mbili nzima kwa sababu eti amelala. Sisi hatuna mtoto mwingine hapa nyumbani.'"

Safari hii mke wangu alicheka nusu. "Watoto wanaigana," akasema.

"Wanaigana," nikasema.

Jumatatu ya tatu alisoma kimyakimya kwanza, midomo ikicheza, ndipo akasoma kwa sauti. "'Samahani, haya si ya begi. Tangu Ijumaa tunasikia mtoto anakohoa. Wetu ni mzima, daktari amemsikiliza kifua hana kitu. Jumapili tulilisahau begi kwa bibi yake. Kwetu kukawa kimya, kikohozi kikasikika kwa bibi.'"

Alilifunga daftari. Akaliweka juu ya benchi, akanigeukia.

"Fundi."

"Naam."

"Mbao za begi la saba ulizitoa wapi?"

"Masalio ya mlango wa yule mwenye duka."

Nilijibu haraka mno. Mtu mkweli huwa anafikiri kidogo.

"Mlango upi wa duka uliwahi kuutengeneza kwa mbao nyekundu?"

"Ulikuwepo."

Akanitazama, akakusanya vyombo na sahani yangu ikiwa bado na chakula, akaenda zake.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilitengeneza vibao vingine ishirini, vya mbao mbichi. Vijikunje, vipasuke, shauri yao. Nilipanga kuvichukua vile vya kwanza kabla havijarudi mikononi mwake, nivichome, yaishe. Nikaulizia begi la saba limekwenda wapi. Limekwenda kwa binti wa kinyozi.

Jumamosi baada ya saa nane nikafika kibandani kwa kinyozi, mbele ya nyumba yake. Alikuwa amemwinamia mteja, wembe kichwani.

"Fundi! Keti, namalizia huyu. Hata kichwa chako kinalia kunyolewa."

"Kiache kilie. Nimekuja kuangalia begi la mtoto. Kuna kibao nahisi kina kibanzi, kisije kikamchoma."

"Pita, yupo chumba cha nyuma. Ila pita kwa adabu. Tumeamriwa tusipige kelele. Mimi mwenye nyumba, mwenye mke na kodi yangu, tangu jana natembea kwa ncha za vidole kwangu mwenyewe, ungedhani nimekuja kuiba."

Mteja akacheka. "Angalia sikio langu," akamwambia.

Nikavua viatu nikaingia. Binti ana miaka minne, alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameikunja. Vibao vyote ishirini vilikuwa vimesimama mbele yake, pande nne, nafasi kati ya kimoja na kingine ni ile ile. Nafasi hiyo naijua. Nilipokitengeneza kile kitanda niliipima kwa vidole vitatu, kichwa cha mtoto kisipite. Mtoto wa miaka minne hajaambiwa kipimo hicho na mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani, unapigapiga hewa polepole.

"Shikamoo," akanong'ona.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nambembeleza."

Ndani ya vile vibao hapakuwa na mdoli wala kitambaa. Palikuwa na mkeka tu.

"Nimekuja kuvichukua nivitengeneze," nikasema. "Nimekuletea vingine, vipya."

"Atalala wapi?"

"Atalala kwao."

"Kwao hakuna kitanda," akasema, bila kunitazama. "Kimekatwa. Ndiyo maana kila Ijumaa anahamishwa."

Kisha kitu kikakohoa. Mdomo wa yule binti ulikuwa umefumbwa, nilikuwa nautazama. Kikohozi kilitoka chini, kizito, na mwisho wake kikavuta pumzi yenye mluzi mwembamba. Niliusikia mluzi ule siku tano. Siku ya sita sikuusikia kwa sababu nilikuwa karakana namalizia kabati la mtu. Mke wangu alinitumia ujumbe niende, nikasema nipake rangi ya mwisho kwanza. Nilipofika nyumbani wanawake walikuwa wameshafunika kioo cha kabati letu kwa ajili ya msiba.

Nikapiga magoti nikaanza kuvikusanya. Nilidhani binti atalia, hakulia. Alinisogezea begi, akalishika mdomo ukae wazi, na nilipoinuka akaniambia vile akina mama wanavyowaambia watoto wanapowapa kichanga washike:

"Mshike shingo."

Nikatoka. Kinyozi alisema jambo, mteja akacheka, sikusikia ni nini. Njia nzima nililibeba begi kifuani, mkono mmoja chini, mwingine juu. Mtu mzima mwenye mvi, na begi la maua. Watu walinisalimia, nikawajibu kwa kichwa. Halikuwa na uzito wa vibao ishirini. Mimi najua mbao ina uzito gani.

Karakana nina pipa la kuchomea maranda. Nilikusudia kuliwasha moja kwa moja. Nilipousukuma mlango nikamkuta mke wangu amesimama nyuma yake, gunia tupu mkononi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kila Jumatatu nikivihesabu maziwa yananichoma," akasema. "Miaka minne, Fundi. Nikadhani naugua, nikaona haya kukwambia. Nilikwambiaje juu ya kile kitanda?"

"Asilale mtoto mwingine."

"Sasa?"

"Hakulala mwingine," nikasema. "Ni yule yule."

Akaketi kwenye benchi ya kurandia. Nikamweleza yote: mbao mbichi, Ijumaa iliyokuwa inakaribia, vipimo vya binti wa kinyozi, kikohozi, kwamba kwao hakuna kitanda. Nilimweleza na habari ya rangi ya mwisho, ambayo hakuwahi kuisikia. Alikuwa anadhani nilichelewa kupata ujumbe. Hapo ndipo alipogeuza uso akatazama ukutani, palipo na misumeno.

Kisha akanyoosha mikono, nikampa begi.

"Kirudishe," akasema.

"Mbao iliyokatwa hairudi."

"Sikukuuliza mbao inataka nini. Nimesema kirudishe."

"Ni vipande vya kiganja. Nikivigundisha vyote nitapata kitu cha kimo cha mdoli. Hatatosha."

"Anahitaji nafasi kiasi gani?"

Nimefanya useremala miaka ishirini na sita. Hicho ndicho kipimo cha pekee nilichoshindwa kumjibu mteja.

Jumapili nzima tulifanya kazi. Niliunganisha vibao kichwa kwa kichwa kwa gundi na vijiti, yeye akashika upande wa pili wakati gundi inakauka. Viungo vilikuwa vibaya. Kazi hiyo ningeiona kwa fundi mwingine ningemuuliza nani alimfundisha. Ilipofika alasiri palikuwa na kitanda chenye fito, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Mke wangu alitandika upande mmoja wa kanga yake, akakibeba mwenyewe hadi nyumbani, mimi nyuma yake na zana. Kinyozi alikuwa mlangoni kwake.

"Mama Mabegi, leo umebeba nini?"

"Mwanangu," akamjibu, akapita.

Kinyozi alinitazama mimi, akisubiri nicheke ili naye acheke. Sikucheka. Akaingia ndani.

Begi la saba sasa lina vile vibao vya mbao mbichi. Viwili vimeshapasuka. Lilipotoka tena na kurudi Jumatatu, daftari lilisema: "Mtoto alijenga mnara, ukaanguka, akajenga tena." Hilo nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sababu tangu ile Jumapili mke wangu hajaenda tena kazini. Nilipomuuliza nani atayahesabu mabegi alisema, "Wewe. Mimi nina mtoto." Mwalimu wa chekechea alinihurumia akanipokea. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi nafungua mabegi kumi na mawili, natafuta shanga zilizopotea, nasoma walichoandika wazazi. Watoto hawajui waniite nani.

Hakuna nyumba nyingine iliyosikia kikohozi tena. Hata kwetu kimepungua. Kilikuwapo siku za mwanzo, kikawa cha asubuhi tu, sasa hakipo. Anapona, anasema mke wangu.

Na anacheka. Nilichoogopa kukipoteza hakijapotea, kipo, nakisikia kila siku. Mchana nikirudi na madaftari kwapani namkuta amejifungia chumbani, na anacheka kule ndani mpaka anakosa pumzi, ananyamaza kidogo ili mtu mwingine amalize kusema, kisha anacheka tena. Nimejaribu kumsomea madaftari nikiwa nimesimama kwenye korido. Nimechagua ya kuchekesha. Nasoma vibaya, najua, lakini nasoma.

Nikibisha hodi ananijibu kwa upole, hana hasira na mimi.

"Taratibu, Fundi. Ndiyo kwanza amelala."

Basi navua viatu.