Kitenzi Nafasi ya Pili

Kilosa haina sinema. Hilo halikumzuia Bibiana kwenda sinema kila Jumamosi, kwa Kijerumani.

Jioni alikaa na rafiki yake Loveth kwenye baraza ya duka la vitenge la mama yake, sokoni, daftari mapajani. Mmoja anauliza, "Was machst du am Samstag?", yaani Jumamosi utafanya nini, na mwenzake anajibu. Ukweli ni kwamba Jumamosi wote wawili walikuwa wakifua. Lakini kufua hakuna utamu, basi wakawa wanakwenda sinema, wanaogelea, wanawapikia wageni keki. Siku moja Loveth alimpeleka twiga wa Mikumi kwa kinyozi, wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Walitaka kwenda kusomea uuguzi Ujerumani, pamoja. Mtihani wa lugha waliufanyia Dar es Salaam, na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Bibiana, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha mwenzake, aliingia chumba cha mazungumzo ulimi ukagoma. Loveth akapita. Majibu yalipotoka, Loveth alimshika mkono. "Shosti, siendi popote bila wewe. Utarudia Desemba, nitakusubiri." Bibiana aliyameza maneno yale mazimamazima, na wala simlaumu. Nani asingeyameza?

Jumatano moja ya Septemba ikawa zamu ya Bibiana kuuliza. Jumamosi utafanya nini?

Loveth alilitazama daftari lake. "Am Samstag ich fliege nach Deutschland."

Jumamosi napanda ndege kwenda Ujerumani. Bibiana alisikia kosa tu, Mungu amsamehe. "Kitenzi nafasi ya pili, Loveth. Nikwambie mara ngapi? Am Samstag fliege ich."

"Am Samstag fliege ich," Loveth akarudia, polepole. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Umeona? Sasa umesema vizuri," Bibiana akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Jumamosi alasiri alimsubiri barazani, hakutokea. Simu haipatikani. Akaenda kwao, karibu na stesheni, akamkuta mama yake Loveth anaanua nguo.

"Shikamoo mama. Loveth yupo?"

"Marahaba." Mama alisimama na shuka mkononi. "Mbona kaondoka na treni ya asubuhi, mwanangu? Ndege yake ni leo usiku. Nilimuuliza mara mbili kama kakuaga. Akasema, 'Nimemwambia, mama. Akanisahihisha.'"

Bibiana alirudi sokoni kwa miguu, bodaboda zikimpigia honi, hakuitika. Alikuwa na hasira na Loveth aliyeogopa kusema kwa Kiswahili, na hasira zaidi na masikio yake mwenyewe. Kuachwa kunauma. Kuagwa usisikie kunauma zaidi.

Wiki mbili baadaye ujumbe uliingia kutoka namba ngeni: "Was machst du am Samstag?" Hapakuwa na samahani wala salamu.

Bibiana alikuwa ameinamia beseni. Alifuta povu mikononi, akaandika kwamba Jumamosi atafua, peke yake, na kwamba Desemba hatarudia mtihani. Akaufuta ujumbe huo wote kabla ya kuutuma. Kisha akaandika: "Am Samstag gehe ich ins Kino." Naenda sinema.

Aliusoma tena, kisha akautuma. Kitenzi kilikuwa nafasi ya pili.