Kivuli cha Verlene Stamper

Jumatatu asubuhi utepe ulimwanguka Verlene Stamper. Akainama kuuokota, akakumbuka, akanyooka tena, kisha akachuchumaa kama mtu anayekama ng'ombe. Ndivyo alivyofundishwa. Mwenye bastola kiunoni hainami, maana akiinama shati linapanda na kilichofichwa kinachungulia. Anachuchumaa mgongo wima, anaokota, anasimama. Verlene alikuwa amepita sitini, na magoti yake yalilia kama mlango wa banda.

Duka lake la maua liko kwenye kona ya uwanja wa mahakama, hapa Corley, mashariki ya Texas. Mwezi Agosti kijana mmoja aliingia na kisu cha kuchunia paa, akachukua kilichokuwemo kwenye droo, akasema, "Samahani, mama," akatoka. Alijulikana. Alikuwa Brody Haskew, mtoto wa mama anayeongoza kwaya, na hakujisumbua hata kuvuta kofia usoni. Akakaa jela kidogo, akarudi kwao. Lakini tangu siku hiyo kengele ya mlango ikilia, Verlene alikamata mkasi wake, na usiku alikuwa akiamka kusikiliza jokofu.

Basi akaenda kwa Coy Rutledge, anayefundisha watu kubeba bastola kila Jumamosi nyuma ya duka la chakula cha mifugo. Wanafunzi hukalia magunia.

"Wiki ya kwanza utadhani mji mzima unaiona," alisema Coy. "Hakuna anayeiona. Nani atazame kiuno cha mjane?"

"Tazama chako kwanza, Coy. Tumbo limeshakimeza."

Magunia yakacheka. Coy naye akacheka, akavuta suruali.

"Ila usiiguseguse, dada. Anayeigusa ndiye anayeonekana. Siku utakayosahau kwamba unayo, siku hiyo umehitimu."

Kuzoea si jambo la siku moja. Chuma kilimbana akiendesha gari, kikagonga mgongo wa kiti kanisani wakati wa sala. Alijifunza kununua mashati yenye maua makubwa, yasiyoonyesha uvimbe. Alijifunza kukumbatia watu kwa upande wa kushoto, kiwiko cha kulia kimebana mbavu, na hapo ndipo alipotambua kwamba nusu ya waumini wamekuwa wakimkumbatia hivyo hivyo miaka yote. Mkahawani alijifunza kukaa akitazama mlango. Mkahawa wetu una viti upande mmoja tu wa kila meza, kwa kuwa hakuna anayekubali kuupa mlango mgongo. Mume na mke hula bega kwa bega kama watu walio ndani ya basi, na mhudumu huwawekea mayai yao akiwa amesimama upande mtupu.

Wiki ya tatu alisahau. Alikwenda posta, akapita sokoni, akarudi nyumbani, akaosha vyombo, na alipovua nguo kulala ndipo alipoikuta pale ubavuni, ina joto la mwili kama kuku aliyelalia mayai.

Kesho yake kivuli chake kilikuwa nayo mkononi.

Dukani kuna kabati la baridi la kuhifadhia maua, lenye taa nyeupe kali, na mkabala wake kuna ukuta uliopakwa chokaa. Verlene akisimama kwenye meza ya kukatia, kivuli chake husimama ukutani, ubavu kwa ubavu na mlango wa nyuma. Asubuhi hiyo yeye alikuwa akikata mashina ya waridi. Kivuli kilikuwa kimeteremsha mkono pajani, na mkononi kulikuwa na bastola, umbo lake safi, hata kile kidude cha kulengea kilionekana. Verlene alimaliza waridi, akafunga shada, kisha akampigia Coy simu.

"Aa, hicho," alisema Coy. "Hongera. Changu kinashika kwa mikono miwili."

"Hukutuambia darasani."

"Watu wangeogopa kujiandikisha. Si kitu, dada. Fanya kama mkahawani, taa iwe juu ya kichwa. Kivuli kikiwa chini ya miguu hakimkeri mtu."

Kweli, Verlene aliangalia mkahawani akaona taa zote ziko darini, moja juu ya kila kichwa, na mapazia yameshushwa mchana kutwa. Alikuwa amedhani ni kwa ajili ya joto.

Hakuhamisha taa ya kabati, kwa kuwa bila hiyo maua hayaonekani na hayauziki. Akaendelea na kazi. Kivuli nacho kilikuwa na adabu. Akija mke wa mchungaji, mkono ulibaki pajani. Akija msoma mita, mkono ulibaki pajani. Siku ya Alhamisi kengele ililia akaingia Brody Haskew, kofia kifuani, kucha zina weusi wa gereji. Verlene akaushika mkasi. Aliutazama ukuta haraka, akiomba moyoni kwamba kivuli kisifanye jambo la aibu.

Kivuli kilisimama kimetulia, mkono pajani. Kilikuwa kama mtu anayesubiri zamu yake benki.

"Nataka maua ya mama," alisema Brody. "Na nataka kusema, kuhusu lile jambo..."

"Chukua haya ya manjano."

"Samahani, Bi Verlene."

"Ulishasema siku ile ile. Nenda."

Alipotoka tu, mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa ufunguo, akaingia Odell Prewitt na ndoo mbili za mayungiyungi.

Odell alikuwa ametembeza barua za mji huu mpaka alipostaafu, na baadaye akaanza kuwapelekea wateja wa Verlene maua kwa gari lake mwenyewe, kwa sababu, alisema, miguu yake ilikuwa haijui kustaafu. Ni shemasi katika kanisa la watu weusi, ng'ambo ya reli. Mume wa Verlene, Garland, alipokuwa akifa, Odell ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka chooni, na Garland alikuwa akimtukana njia nzima na Odell akimrudishia, na wote wawili wakicheka. Ufunguo wa mlango wa nyuma alipewa na Garland.

Kivuli kiliinua mkono. Kilinyoosha kiwiko, kikasawazisha, kikalenga.

Odell akaweka ndoo chini polepole. Akautazama ukuta, akamtazama Verlene, ambaye mikono yake miwili ilikuwa juu ya meza, mkasi katika mmoja na jani katika mwingine.

"Mkono umetulia," alisema Odell. "Coy amekufundisha vizuri."

"Si mimi, Odell."

"Naona. Wewe unakata majani."

"Kwa Brody hakikuinua. Brody! Aliyeniwekea kisu hapa!"

"Ndiyo, mama."

"Hushangai?"

Odell alivua kofia, akaufuta utosi kwa leso. "Nimepeleka barua katika mji huu, Verlene. Kila kibaraza kina jua lake la asubuhi. Unadhani nilikuwa natazama nini, namba za nyumba?" Akachukua orodha ya siku hiyo mezani. "Nilikuwa sijakiona chako tu. Haya, marehemu wa leo ni wawili. Nani kwanza?"

Tangu hapo hakuingia kimya tena. Alikuwa na ufunguo, lakini alibisha, akasema kwa sauti kabla ya kusukuma mlango, "Ni Odell, naingia, mikono yangu ina maua." Akishaingia alipita upande wa kabati, ambako kivuli kilimfuata kwa mtutu mpaka anapotoka. Verlene alijitahidi kuongea kuhusu mambo mengine. Usiku alipiga magoti akaomba, na ukutani kivuli kilipiga magoti pia, bastola juu ya shuka.

Mwisho wa Oktoba ikaja dhoruba kutoka upande wa mto. Ilikuwa alasiri, lakini mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria, na umeme wa mji mzima ulikatika. Verlene alikuwa akifunga mataji ya mazishi kwa kupapasa. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba mtu asingesikia kelele zake mwenyewe. Kisha upepo baridi ukampiga shingoni, akajua mlango wa nyuma umefunguliwa.

Hakufikiri. Mkono wa kushoto ulinyanyua shati, wa kulia ukashika, kiwiko kikanyooka, kama walivyofanya mara nyingi mbele ya magunia. Kidole kilikuwa mahali pake. Gizani palikuwa na giza zaidi, lenye urefu wa mtu.

"Nani?"

Kama alijibiwa, mvua ilimeza.

"Nani? Nitapiga!"

Radi ikamulika. Ukutani kivuli kilikuwa kimenyoosha mkono, na Verlene alikuwa amenyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba walifanana, kama mtu yeyote na kivuli chake. Mbele yao alikuwa Odell, amelowa, ndoo zimeanguka, mayungiyungi yametapakaa miguuni mwake.

"Ni Odell," midomo yake ilikuwa ikisema, bila kupaza sauti, kama mtu anayerudia sala. "Ni Odell. Nilisema mlangoni. Ni Odell. Nilisema."

Giza likarudi. Walisimama humo. Mvua ilinyesha kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe kizima cha chai, kisha ikatulia. Halafu Verlene akasikia kitu kidogo cha chuma kikiwekwa mezani, na mlango ukafungwa taratibu. Umeme uliporudi aliona kwamba ni ufunguo.

Wiki hiyo maua hayakupelekwa. Ijumaa Verlene aliifungia bastola kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, akavaa shati la kubana asilolivaa tangu kiangazi, akavuka reli kwa miguu mpaka nyumbani kwa Odell. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni mwake. Odell alikuwa kibarazani, akichambua njugu.

"Nimeiacha," alisema Verlene, akageuka mzima kama msichana anayeonyesha gauni. "Tazama. Sina kitu."

Odell hakutazama kiuno chake. Alikuwa akitazama ngazi. Verlene naye akatazama. Kivuli chake kilikuwa kimepanda ngazi kabla yake, kimefika kwenye ubao wa juu, karibu na viatu vya Odell. Kilikuwa kimeinua mkono. Mkono ulikuwa mtupu, ila ulikuwa umenyooka vilevile, na kidole cha mbele kimejikunja kidogo.

Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza.

"Basi hata ulikuwa huna haja ya kutembea bila kitu," alisema Odell. "Barabara hii ina mbwa."

"Odell, nifanye nini?"

"Sijui, Verlene. Mimi nilikuwa natembeza barua." Alimenya njugu moja, akaitia kwenye bakuli, akamenya nyingine. "Saa sita mchana jua linakuwa wapi?"

"Utosini."

"Na kivuli?"

"Chini ya viatu."

"Haya. Nitakuja saa sita."

Jumatatu Verlene alifunga bastola kiunoni kama kawaida, kwa kuwa hakuona faida ya kuiacha, na Coy alipopita alimpongeza kwa jinsi inavyokaa. Saa sita Odell alifika mlango wa nyuma. Hakuingia. Verlene alitoa viti viwili na meza ya kukunja akaviweka kwenye saruji ya nje, wakala mkate wa mahindi na maharage na chai baridi ya sukari. Kivuli kilikuwa kimejikusanya chini ya kiti kama maji yaliyomwagika. Walimsema mchungaji. Walimsema marehemu Garland. Jua lilipoanza kuteleza, Odell aliangalia chini, akavaa kofia, akapakia maua garini. Ikawa hivyo kila siku. Watu wa uwanja wa mahakama waliona ni jambo zuri, wazee wawili kula pamoja nje, na mama yake Brody alisema kanisani kwamba huo ndio upendo wa Kikristo.

Lakini Desemba jua la Texas halifiki utosini. Linapita chini, upande wa kusini, na hata saa sita kivuli cha mtu kina urefu wake. Siku ya kwanza ya baridi kali Odell alifika, akapima hali kwa jicho, akabeba kiti chake akakizungusha mpaka kati ya jua na Verlene. Sasa kivuli cha Verlene kiliangukia nyuma yake, upande wa mapipa ya taka, na kulenga huko.

"Hapa patafaa," alisema Odell, akakaa.

Verlene alimmiminia kahawa, akamkatia mkate. Ndipo alipoona kwamba kivuli cha Odell, kwa kuwa jua sasa lilikuwa mgongoni mwake, kimevuka meza na kumlalia yeye mapajani. Kilikuwa kimeinua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja wazi, vidole vimetanuliwa vyote.

Odell mwenyewe alikuwa na kikombe mkono wa kulia na mkate mkono wa kushoto.

"Odell," alisema Verlene. "Mikono yako."

"Ina nini?"

"Kivulini. Tangu lini?"

Odell aliegemea kando kidogo ili aone. Kivuli kiliegemea naye, mikono juu.

"Aa, hiyo," alisema. "Hiyo nimeshaizoea." Akachovya mkate kwenye kahawa. "Nipe hayo maharage kabla hayajapoa."

Verlene akampa maharage, akipitisha sahani kwa uangalifu kati ya ile mikono miwili.