Hukumu ya Cherehani

Felista alishinda kesi mwezi wa pili, na mwezi wa nane ushindi wake ulikuwa bado ni karatasi. Aliikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga, na kila alipoifungua ilisema yaleyale: Ismaili Likwata, aliyekuwa mwenye nyumba wake pale Chikongola mjini Mtwara, amrudishie cherehani yake au amlipe shilingi mia nne. Hakimu aliisoma hukumu vizuri kabisa, kwa sauti ya kupendeza. Kazi ya kuitafuta cherehani yenyewe akamwachia mshindi.

Ismaili alimfungia chumba kwa kodi ya mwezi mmoja, kodi ambayo Felista alikuwa ameshalipa na stakabadhi anayo. Mlango ulipofunguliwa, cherehani haipo. Kisha bwana yule akauza nyumba, akahamia kijiji cha ujamaa huko nyuma ya Nanyamba, kwa wakwe zake.

Sasa mjini kulikuwa na msako. Asiye na kazi alipakiwa kwenye lori akalime kijiji chochote chenye nafasi. Balozi wa nyumba kumi alimpa Felista mpaka Jumatatu awe na kazi ya kuonyesha.

"Dada, mimi najua wewe ni fundi," alimwambia. "Lakini fundi bila cherehani nitamwandikaje?"

Felista alikuja Mtwara kutoka Songea akimfuata mumewe, kuli wa bandarini. Mume alikufa, yeye akabaki. Hapo mjini alikuwa na wateja, alikuwa na kanisa, alikuwa na kaburi la kupalilia. Hakutaka kuondoka, basi.

Ijumaa akaenda huko kijijini na Petro, tarishi wa mahakama, aliyebeba fomu na kuvaa viatu vipya vilivyombana. Nauli za wote wawili alilipa Felista.

Walimkuta Ismaili kibarazani anamenya muhogo. Wala hakukimbia. Felista akamwamkia shikamoo, kwa sababu mdomo ulishazoea, kisha akajichukia.

Petro akafungua fomu aandike mali ya kukamata. "Nyumba hii ni yako, mzee?"

"Yangu," alijibu mkewe, Fatuma, kutoka mlangoni.

"Na mikorosho ile?"

"Ya ukoo wetu. Baiskeli ni ya kaka yangu. Huku kwetu, tarishi, mwanamume akioa anakuja kwa mke. Huyu hapa ni nkwe tu, mkwe wa kuja. Suruali aliyovaa ndiyo yake."

Petro akaandika suruali. Akafikiri, akaikata.

Ndipo Felista aliposikia mlio. Cherehani ya mkono, inayogonga kidogo kila gurudumu likikamilisha mzunguko. Ugonjwa ule aliujua, maana aliuguza mwenyewe miaka sita. Akaondoka bila kuaga, nusu anatembea nusu anakimbia, mpaka kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Wanawake watatu walikuwa wameizunguka, mmoja anazungusha, wawili wanavuta kitambaa ovyo. Akainama akatazama chini ya kibao. Msalaba aliouchonga kwa kisu ulikuwepo.

"Hii ni yangu!"

Mwenyekiti akatoka na daftari. Alikuwa Mzee Hamisi, mjomba wake Fatuma, na kwa watu wale mjomba akishasema, shauri limesemwa.

"Mkwe wetu alipoingia kijijini aliitoa," alisema. "Soma mwenyewe: cherehani moja, mali ya kijiji."

"Ni ya wizi, mzee."

"Yawezekana. Aliyeandika hakuuliza."

Felista akamgeukia Petro, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akichechemea. Petro akasoma amri, akasoma daftari, akajikuna shingo.

"Amri inasema mali ya mdaiwa. Hii ni ya kijiji. Nikiigusa, kesho mwizi wa mali ya umma ni mimi. Turudi kwa hakimu tukaombe amri nyingine."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi mitatu. Labda minne."

Jumatatu ilikuwa siku tatu tu mbele.

"Binti yangu," alisema Mzee Hamisi, na alisema kwa upole, "kijiji hiki hakina fundi. Hawa wanavunja sindano tu. Jiandikishe hapa, na cherehani utaishika wewe peke yako. Ukirudi mjini watakupakia lorini, na huko watakakokupeleka watakupa jembe."

Felista aliyapekua maneno yale kutafuta uongo ndani yake. Hakuuona. Alitamani mzee yule amtukane, apate pa kushikia. Machozi ya hasira yakamtoka mbele ya watu, naye hakuyafuta. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye daftari.

Petro alikuwa ameshakaa kwenye benchi anajaza fomu.

"Unaandika nini?"

Akamsomea: "Cherehani imeonekana. Mdai yuko nayo. Shauri limefungwa."

"Petro!"

"Kwani hunayo, dada?"

Akagongewa muhuri na mwenyekiti, akavua viatu, akawahi basi la saa nane.

Wanawake wakampisha Felista kwenye kigoda. Alikuwa hajamaliza kubadilisha sindano Ismaili alipotokea amejifunga shuka kiunoni, suruali mkononi, imechanika gotini.

"Fundi," alisema, "wanasema kwa mwanakijiji ni bure."

Felista akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Basi akaipokea mali pekee ya mdaiwa, akaitandika mapajani, akaanza kuitafutia kiraka.