Sababu ya Joni

Alfani hakujua Kiingereza, na hilo halikumzuia kutafsiri. Katika kibanda chake cha gemu pale Masasi, nyuma ya stendi, alikaa juu ya kreti la soda ubavuni mwa televisheni, na mtu wa ndani ya gemu alipofungua kinywa tu, yeye alikwisha jua kasema nini. Vibanda vilikuwa vingi, maana miaka ile kila aliyeuza korosho vizuri alifungua biashara, na wengine walikuwa na televisheni kubwa kuliko yake. Lakini watu walijazana kwa Alfani. Kwake ulicheza na ukasimuliwa.

Gemu lililopendwa lilikuwa la jambazi mmoja aliyeachiwa mji mzima azurure atakavyo, anapora magari, anapiga risasi, polisi wanamkimbiza. Alfani alimpa jina la Joni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku Sultani, dereva wa bodaboda mwenye maswali kuliko hakimu, aliposimamisha mchezo akauliza huyu Joni anaiba kwa nini. Nyumba anayo, viatu anavyo, magari jana kapora matatu. Mwizi asiye na shida, Sultani akasema, hakuna raha kumsaidia.

Wote wakamgeukia mtafsiri. Na mtafsiri gani atakiri kwamba hajui? Alfani akashika lililokuwa karibu. Joni, akasema, ametoka mji usio na maji. Mama yake aliiba ndoo moja ya maji kwenye kisima cha jirani, akakamatwa, akazungushwa sokoni ndoo ikiwa kichwani, watu wanamzomea. Mtoto aliona yote. Siku ile akaapa kwamba ulimwengu utamlipa.

Sultani akaishika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili, akaanza kupora magari kwa uchungu, utadhani anamlipia kisasi mzazi wake mwenyewe. Tangu hapo kila aliyeingia alitaka asimuliwe ya ndoo kwanza, na Alfani, Mungu amsamehe, akapiga chuku. Leo mama analia, kesho mama anapiga magoti, keshokutwa kanga inamdondoka mbele za watu.

Kumbe hakuwa ametunga sana. Kule Newala, ambako watu hukinga maji ya mvua kutoka paa la bati kwenye visima vya saruji na kuvitia kufuli, mama aliyezungushwa na ndoo alikuwapo, na ndiye aliyemzaa Alfani. Aliitwa Bi Mwanne. Lakini kufuli hakulivunja yeye. Alilivunja Alfani, akiwa na miaka kumi na miwili. Bi Pili, mwenye kisima, alipokuja na watu wake, Bi Mwanne aliitoa ndoo nyuma ya mlango akasema ni yake, kachota yeye. Mtoto akajibana ukutani, akanyamaza. Amenyamaza hivyo miaka kumi na minane, na sasa alikuwa amepata mahali pa kusemea, akasema uongo.

Msimu wa korosho hauna siri. Watu wa Newala walioteremka Masasi kuuza walipita kibandani, wakasikia, wakatazamana, wakapanda na habari hiyo kwao.

Ijumaa moja, mchana, Bi Mwanne akatokea mlangoni, kajifunga kanga kiunoni, ana vumbi la safari hadi kwenye kope. Sultani akampisha kwenye benchi na kumwamkia. "Marahaba, baba," akajibu. Alfani naye akatoa shikamoo yake. Hiyo haikujibiwa.

Alfani akainuka azime jenereta, akidai mafuta yamekwisha. Wateja wakakataa katakata. Mama akasema aendelee, amekuja kusikiliza. Basi akaendelea, anaruka huku na kule, anasifia magari. Sultani, asiyejua chochote, akamkumbusha kwamba hajamsimulia mama mgeni ile ya ndoo. Alfani alipogeukia televisheni, wakamsaidia. Walikuwa wameihifadhi kwa moyo. Mmoja anasema la kufuli, mwingine la kanga, na wa nyuma kabisa akaigiza sauti ya mama mwizi anayeomba msamaha. Wakacheka. Alfani alitamani ardhi impasukie.

Bi Mwanne aliwaacha wamalize.

"Kule kwenye foleni ya maji sasa naitwa Mama Joni," akasema, akimtazama mwanawe. "Waliponiita mwizi nilinyamaza, kwa sababu bado nilikuwa Mama Alfani. Niliona hilo linanitosha. Na hilo nalo umelichukua."

Sultani alimtazama mama, akamtazama Alfani, akaiweka pedi sakafuni taratibu. Aibu ilimpanda Alfani mpaka masikio yakawaka. Angeweza bado kusema mama amekosea, gemu ni gemu. Maneno hayo yalimfika kwenye ulimi.

"Ndoo aliiba mtoto," akasema. "Mama alijitwika tu. Mtoto ni mimi."

Sultani, hata pale, hakuweza kujizuia. Akauliza kwa sauti ya chini aliiba kwa nini.

Alfani akatafuta sababu. Katafsiri watu mwaka mzima, kawapa majambazi kiu, uyatima, visasi na viapo, na sasa alitafuta moja ya kujifunikia asiipate.

"Nilitumwa bondeni kuchota. Nikacheza njiani, jua likazama," akasema. "Nikaona uvivu kuteremka."

Basi. Hakukuwa na zaidi. Watu wakatazama miguu yao. Yule aliyeigiza sauti akaja mbele, akapiga goti mbele ya Bi Mwanne na kumwomba radhi, akimwita Mama Alfani. Mama akampokea, akamwambia ainuke, hana kosa.

Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Hawa hawakunizomea, mwanangu. Walionizomea wako Newala, na Bi Pili yu hai. Basi la saa tisa halijaondoka."

Akatoka nje, akasimama juani kumngoja. Ndani watu wote walimtazama Alfani, wakisubiri aseme anakwenda au haendi, naye akazima jenereta, akatoka juani.