Jumamosi ya Mwisho Kwenye Kaunta ya Glavu

Duka lile kubwa la katikati ya Madrid lilikuwa na sheria ambayo kila msichana aliijua tangu siku aliyopewa sare ya buluu: ukiolewa, unaondoka. Mwanamume akioa alipongezwa na kubaki. Visitación alikuwa anaolewa Jumatatu na Leandro wa kaunta ya miavuli, na Jumamosi ile, mvua ikipiga vioo, bado alikuwa na tumaini. Leandro alikuwa ameahidi kumwomba Don Evaristo, mkuu wa ghorofa, amwache mchumba wake kazini walau hadi Krismasi ipite.

Kazi ya glavu aliipenda mno. Mteja aliketi, akaegemeza kiwiko kwenye mto mdogo wa mahameli, mkono juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Visitación alinyunyiza poda ndani ya glavu, akaivisha taratibu, vidole vinne kwanza, gumba mwisho, akiilainisha ngozi mpaka kunyanzi la mwisho litoke. Wapo mabibi waliosinzia papo hapo.

"Shoga, mbona umenuna?" Paquita wa manukato alimchokoza. "Au Leandro amekimbia?"

"Angekimbia, ungemwona wewe kwanza. Mwaka mzima umemkodolea macho."

"Mimi? Yule mwenye masikio kama vishikio vya sufuria? Mchukue, mama, mchukue!"

Visitación alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye ngazi.

Wakati wa kufunga, Leandro akashuka na Don Evaristo, wote wamechangamka. Wasichana wakawazunguka wakigawana lozi za sukari za harusi.

"Binti yetu anakwenda kuwa mama wa nyumba," alisema Don Evaristo. "Na bwana harusi naye hatumwachi mikono mitupu. Akirudi kutoka fungate, yeye ndiye mkuu wa kaunta ya glavu!"

Makofi yakalipuka. Visitación akamvuta Leandro pembeni kwa mkono wa koti.

"Ulimwomba?"

"Nilianza, mpenzi. Akanikatiza na habari hii. Ningesema nini tena? Si ni heri yetu sote?"

"Hujawahi kumvisha mtu glavu hata siku moja."

"Utanifundisha. Jioni, nyumbani, nikishakula."

Leandro hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Visitación zaidi. Angeweza kukataa ndoa palepale. Lakini nafasi yake ya kuuza glavu ilikuwa imekwisha kupewa msichana mwingine, na mama yake alikuwa amekwisha kutarizi mashuka ya harusi.

"Busu! Busu!" wasichana wakapiga kelele.

Leandro akambusu. Mpita njia ambaye angechungulia dirishani angesema mambo yameisha vizuri sana.

Visitación alivua sare, akaikunja, akamkabidhi mwangalizi wa stoo. Kisha, kwa mazoea, akashika njia ya mlango wa nyuma. Mzee Macario, bawabu, akamzuia kwa upole huku akivua kofia.

"Huku ni kwa wafanyakazi, bibie. Wewe sasa ni wa mlango wa mbele, pamoja na wateja."

Mzee wa watu alidhani anamheshimu. Visitación akarudi akalikatiza duka zima, taa zikizimwa moja baada ya nyingine, akatoka mbele. Alisimama kwenye mvua, asijue amngoje Leandro wapi, maana yeye angetokea nyuma na wenzake.