Taa Iliyogoma Kuzimika

"Usichomoe kitu chochote nisichokiona," alisema Leticia. Akaigeuza ndoo tupu, akaikalia ubavuni mwa gari.

Fundi Rupert akatabasamu bila kumtazama. Alishazoea. Tangu Toyota zilizotumika za Japani zianze kumiminika mjini, wateja wake wa mtaa wa Lizaboni walikaa karibu na magari yao kama watu wanaolinda mahindi yasiliwe na nyani.

Leticia alikuwa na sababu. Taa ya njano yenye picha ya injini iliwaka Jumatatu asubuhi, na gereji ya kwanza ikamwambia kompyuta ya injini imekufa, aliache gari hapo mpaka nyingine ije kutoka Dar es Salaam. Aliondoka kabla hawajamaliza kusema. Corolla ile ilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha mumewe, Urban, dereva wa malori aliyepunguzwa kazini shirika lilipouzwa. Urban aliifanya teksi, mambo yakaenda, kisha mtoto wa jicho akamtia ukungu macho yote mawili. Mkewe akajifunza usukani. Watu wa mtaa wao wa Bombambili walicheka, halafu wakapanda. Na Jumamosi hii alikuwa ampeleke Bakili, mnunuzi wa mawe ya vito, hadi Tunduru. Nauli ya safari hiyo ndiyo waliyoitegemea kwa upasuaji wa macho.

Rupert alifungua kisanduku kidogo cheusi kando ya injini, akaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya.

"Unaunguza nini hapo?"

"Naliacha gari liseme, mama. Fungua swichi, injini usiwashe. Tazama taa."

Taa ikakonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara mbili tena.

"Kompyuta nzima kabisa," alisema fundi. "Inalalamika haipati habari za joto la maji."

Leticia hakuamini. Aliinuka, akamwinamia begani. Rupert akapenyeza vidole chini ya mpira wa rejeta, akaibuka na soketi ndogo iliyoning'inia kwenye nyaya zake bila kushika kitu. Akaichomeka mahali pake, ikalia ta! Akachomoa fyuzi moja, akairudisha, ili kompyuta isahau yaliyopita. Injini ilipowashwa, taa ikazimika.

"Basi?"

"Basi. Nipe ya soda."

Bei ndogo ilimtia shaka kuliko ile kubwa. "Fundi, umeichomoa wewe hapo ulipoinama."

Uso wa Rupert ukabadilika. "Mama, hiyo taa uliikuta kwangu au ulikuja nayo?" Akamwonyesha kilimi cha plastiki kinachobana soketi. "Hiki hakiachii kwa mashimo ya barabarani. Lazima kibonyezwe. Na aliyekibonyeza anajua magari. Angetaka kukuharibia, pana mengi ya kukata. Huyu amechagua kisichoumiza injini." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nyumbani nani hufungua boneti?"

Leticia akalipa, akaingia garini. Alirudi polepole, kwa gia ya pili, kana kwamba amebeba mayai. Kila asubuhi Urban ndiye aliyetia maji kwenye rejeta, kwa kupapasa. Hakukubali kumwachia mtu kazi hiyo.

Alimkuta barazani akipukuchua mahindi, kichwa amekiinua.

"Limepona," alisema Urban.

"Umejuaje, Baba Dorine?"

"Halikohoi tena."

"Ni vidole vyako."

Punje zikaacha kudondoka ungoni. Urban aligeuzageuza gunzi mkononi.

"Barabara ile naijua," alisema mwishowe. "Mvua ikinyesha mnalala njiani. Wewe na Bakili."

"Una wivu na mzee wa watu?"

"Mzee? Mimi simwoni, Mama Dorine. Akija hapa nasikia anacheka tu. Kicheko hakina mvi."

"Ungeniambia."

"Ungesema kipofu ana wivu."

"Na wewe miaka yote ulipokuwa unalala Tunduru na lori, mimi nilichomoa nini?"

Urban akalirudia gunzi lake, ingawa halikuwa na punje tena.

Jumamosi, alfajiri, Bakili alifika na mkoba wake wa ngozi akamkuta Urban ameshakaa kiti cha mbele, shati limepigwa pasi. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemtoa.

"Kumbe na bwana anasafiri?" aliuliza Bakili.

"Anasafiri," alisema Leticia, akaingiza gia.

Walipoiacha Namtumbo nyuma, Urban alinyoosha kiganja hewani.

"Punguza. Mbele kuna daraja la magogo."

Leticia alitazama. Barabara nyekundu ilinyooka katikati ya miti ya miyombo, tupu, mpaka jicho linapokoma, daraja hakuliona. Hakujua kama mumewe anakumbuka, au anabahatisha ili tu asikilizwe. Mguu wake ulielea juu ya breki, haujakanyaga, haujaondoka.